Gonero, Alipolala Bibi wa Bibi Yangu

Ukipanda kijijini kwetu siku hizi, ndugu yangu, usikae kwenye lile benchi la nje ya ofisi ya kijiji, linatikisika. Ingia moja kwa moja ndani utazame ukutani, upande wa dirisha. Pametundikwa ramani kubwa ya rangi, imefunikwa nailoni ili ukungu usiilowanishe, maana kwetu Uluguru ukungu unaingia hata kwenye sanduku la nguo. Mimi nilipandishwa huko kwa pikipiki kutoka Mafiga, mjini, ninakokaa na binti yangu, nimemkumbatia dereva kiuno kama mtoto na kila kona namwomba Mungu. Nilishuka. Sikuomba hata maji. Niliingia, nikasimama mbele ya ile ramani.

Kusoma nasoma, ila kwa kidole, niliishia darasa la nne. Nikaanza chini, kwenye barabara, nikapanda taratibu. Mabwe, ipo. Longero, ipo. Nakwambia ukweli, nilifurahi, nilijiona kama nimekutana na watu niliocheza nao utotoni, wote wazima, wamekaa mstari mmoja wananingoja. Kidole kikafuata mto, kikavuka, kikafika mahali ambapo hata ukinifunga kitambaa machoni nitafika. Pameandikwa Kwa Fundi.

Nikarudia, nikidhani nimeruka herufi. Kwa Fundi. Na pembeni kulikuwa na maneno madogo ambayo macho yangu hayakuyaweza, nikasomewa: shamba na makazi ya fundi seremala, aliyefyeka msitu na kuwa mkazi wa kwanza wa eneo hili.

Fundi huyo ni baba yangu mzazi. Na baba yangu hakufyeka msitu wowote. Alipofika pale kuoa alikuta migomba imezaa, akakaribishwa, akakaa.

Ngoja nikueleze vizuri, maana nikianza na hasira nitakuchanganya.

Mahali pale ni Gonero. Kwa lugha yetu kugona ni kulala, kwa hiyo Gonero ni mahali pa kulala, na aliyelala ni bibi wa bibi yangu. Alitoka kwao wakati wa njaa, amebeba chungu kichwani na mtoto mgongoni, wengine wanamfuata wameshika nguo yake. Mvua ikawakuta mlimani. Kuna jiwe kubwa pale limeinama kama mtu anayechuma mboga, akawaingiza watoto chini yake, akawasha moto kwa kaa alilokuwa amelitunza kwenye majivu ndani ya chungu. Wakalala. Asubuhi akawagusa mmoja mmoja, akaona wote wako hai, akasema hapa tumelala na tumeamka wote, siendi mbele tena. Akaanza kulima. Ndivyo alivyotusimulia bibi, na alikuwa akifika hapo kwenye kuwagusa watoto, na sisi anatugusa, kichwa kwa kichwa, na mkono wake ulikuwa unanuka moshi na majani ya maboga.

Sasa kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi inatoka kwa bibi, inaingia kwa mama, inashuka kwa binti. Mwanamume akioa anakuja kulima kwa mkewe, au anaendelea kulima kwao kwa ruhusa ya dada zake, lakini watoto wake yeye wana kwao, kwa mama yao. Wewe wa pwani unaweza kuona ajabu. Sisi tulikuwa tunaona ajabu kwenu. Kwa hiyo jina la Gonero halikuwa pambo. Ukilitaja tu, mtu anajua ni mwanamke aliyelala pale na uzao wake ni upi.

Bibi ndiye aliyetulea, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyenifuata, kwa sababu mama alikuwa na ugonjwa wa kifua na baridi ya juu ilikuwa inamlaza wiki nzima. Mdogo wangu nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inagonga magoti yangu. Alikuwa mzito, anapenda kula. Asubuhi tulikunywa uji wa mahindi wa moto usio na sukari, tukimega kiazi kilichochomwa, na kama ni msimu wa njegere mbichi, basi sikuambii. Bibi alizichemsha na ndizi, akaponda kidogo kwa mwiko, chumvi tu, hakuna kingine. Nimekula pilau za harusi mjini, nimekula biriani kwa Waislamu jirani zangu wa Mafiga wanaojua kupika, lakini njegere ile bado naisikia kwenye meno. Halafu moshi. Nyumba haikuwa na bomba la moshi, tulikaa macho yanatoka machozi tunacheka. Kuku walilala chini ya kitanda. Kengele ya misheni ikilia ng'ambo, bibi anaacha kila kitu, anasali, anaokota mwiko pale pale alipouacha.

Nilikuwa nasema nini? Majina.

Bibi hakutukalisha chini kutufundisha majina. Alitutuma. Nenda Mabwe ukaokote kuni. Kapande juu ya Longero ufukuze ngedere, chukua debe. Ukienda sipo unarudi mikono mitupu, unatumwa upya, na njia zetu ni za kupanda, si kama hizi za Mafiga. Kwa hiyo miguu ndiyo iliyojifunza. Kila tuta lilikuwa na jina, kila chemchemi, kila kona ya njia. Kuna mteremko mmoja unaitwa Kwa Katekista. Katekista wa zamani, mtu mnene mwenye heshima zake, aliteleza pale siku ya sikukuu akiwa amebeba kichwa cha nguruwe alichopewa zawadi. Yeye akaenda huku, kichwa kikaenda huku. Watu walimsaidia kukitafuta kwenye mahindi huku wameuma midomo. Mpaka anakufa alikuwa anapita njia ya mbali.

Na Longero ni bega la mlima, pa kusemea, kwa sababu kulonga ni kusema. Ukisimama pale sauti inavuka bonde. Ndiyo ilikuwa simu yetu. Ila hukuanza na jina la mtu, maana kina Maria walikuwa tele, ulianza na mahali. Gonero eee! Ukiitikiwa, ndipo unasema habari, kwamba fulani amejifungua, kwamba gari la kabichi limekwama, kwamba leteni mwali wenu huku bibi yake anaumwa. Ng'ambo ya mto alikaa msichana wa rika langu, na sauti yake ilikuwa nyembamba inakata kama majani ya muwa. Jioni, mimi nimeinama napepeta maharage, nasikia Gonero eee, Gonero! Najua ni yeye, anataka kujua kama kesho nashuka mnadani. Mkumbuke huyu, ni bibi sasa kama mimi, nitakuja kwake.

Mwalimu wetu wa shule ya misheni alituuliza siku moja majina ya mito ya nchi yetu. Nikanyoosha mkono, nikaanza kutaja ile yetu, ile inayopita Gonero, ile ya Mabwe, mpaka vile vijito vinavyokauka kiangazi. Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, mtu wa watu yule, akaniambia mito yako haipo kwenye ramani, keti. Nilikaa. Nilidhani ramani ni kitu cha Mungu, kama Biblia, na kwamba Mungu hakupita kwetu.

Lakini nilichotaka kukueleza hasa ni habari ya kulala. Kila mwaka kabla ya kupanda, bibi aliwachukua mabinti wa ukoo, wakubwa kwa wadogo, tukalala usiku mmoja pale chini ya jiwe, juu ya majani makavu. Wanaume hawakulala. Wavulana walileta kuni, wakaziweka, wakarudi nyumbani. Mwaka mmoja mdogo wangu alikataa kurudi. Alikaa juu ya mzigo wake wa kuni analia, na yeye anataka kulala Gonero, kwani yeye si mtoto wa mama yule yule? Nilimwonea huruma, nikataka kumfunika na kanga yangu. Bibi akamwita, akamfuta kamasi kwa pindo la nguo yake, akamwambia, “Mjukuu wangu, dada yako atalala, wewe utamsemea. Kukiwa na shauri la shamba hili, dada yako hatasimama mbele ya watu. Utasimama wewe. Wewe ndiye mdomo wake.”

Na kweli ndiyo desturi. Mwanamke ndiye mwenye ardhi, lakini barazani anasema kaka yake, au mjomba. Mumeo hawezi kusema, ni mgeni. Mdogo wangu aliacha kulia. Alishuka njiani akitembea kama mtu mzima, mikono nyuma.

Baba yetu sasa, huyo aliyeandikwa ramanini. Alitoka chini, pande za Mlali, alikuja kutengeneza mabenchi ya kanisa. Mikono yake ilinuka mbao na gundi. Alijenga nyumba nzuri pale Gonero, ya mlango wa kukunja, watu walikuja kuutazama ule mlango. Ni kweli wapita njia walisema tunapita kwa fundi, tukanywe maji kwa fundi. Sikatai. Lakini yeye mwenyewe hakukata hata fito bila kuja kwa bibi na kuchuchumaa mlangoni. “Mama, shikamoo. Naomba mti.” Bibi anamjibu marahaba baba, mti upi? Anatoka kwenda kuutazama, na mara nyingine anakataa. Baba aliitikia tu. Watu wakimuuliza shamba hili ni lako, alisema la wenyewe, mimi nimeoa hapa. Nyumba yake ilibomoka zamani, umebaki msingi na mparachichi. Kama angefufuka akasikia anaitwa mkazi wa kwanza, nadhani angeona aibu, angetafuta kofia yake aondoke.

Mimi niliolewa na mtu wa reli, nikahamia Ngerengere, nikazaa, nikafiwa, nikaja Mafiga. Mdogo wangu alibaki juu akalima. Tulielewana bila maandishi wala shahidi, kama watu waliokula chungu kimoja. Yeye alime, na siku binti yangu akitaka kurudi, shamba lipo. Kila msimu alinitumia kiroba cha maharage na njegere kwa gari la mboga, na mdomoni mwa kiroba amesokota majani ili nijue ni cha kwangu. Nilikuwa nawagawia majirani najisifu, oneni mdogo wangu, wenu wako wapi?

Na kwa binti yangu siku hiyo ilifika. Anauza mboga mbele ya nyumba, mboga za kununua kwa wengine, amechoka kupanga na amechoka kulia na mwenye nyumba. Akaniambia, mama, napanda juu nikalime kwetu. Nikamwambia subiri mvua za mwaka ujao, nitazungumza na mjomba wako.

Hapo ndipo walipokuja watu wa ramani. Walikuwa vijana wa mjini, wapole, wanaokusanya majina ya zamani ya milima yetu na maana zake kabla wazee hatujaisha, ili wachore nchi ilivyokuwa. Msichana wao alinipigia simu kupitia kwa binti yangu. “Shikamoo bibi. Tumeambiwa wewe unaijua Gonero.” Alisema Gonero, kumbuka. Kuna mtu alimtajia. Nilifurahi nikakaa chini. Nilikuwa na maneno tele, lakini nikaona nitakuwa nimevunja desturi, kusemea shamba kwenye simu wakati nina ndugu wa kiume mzima. Nikamjibu, “Mjukuu wangu, nenda kwa mdogo wangu, yuko huko huko. Yeye ndiye mdomo wetu. Atakachokwambia ndicho changu.”

Nilisema hivyo. Kwa furaha kabisa.

Basi turudi ofisini, mimi na kidole changu ukutani. Siku hiyo kulikuwa na mkutano wa kuyahakiki majina, kila kitongoji kisikilize, kisahihishe kilichokosewa. Mwenyekiti alikuwa ameshatangaza kwamba kijiji kitaanza kutoa hati za kimila za mashamba, na kwamba ramani hii ndiyo itakayowaongoza kujua nani ni wa wapi. Kwa hiyo watu walijaa mpaka nje. Mdogo wangu alikuwepo mbele na wanawe wa kiume. Aliponiona aliinuka haraka.

“Shikamoo dada. Umekuja bila hata kusema?”

“Marahaba. Nimekuja kusikiliza majina.”

“Kaa hapa, kaa kwenye kiti changu. Mpisheni shangazi yenu.”

Nilikaa kwenye kiti chake, kina joto bado. Unajua nilichofikiri? Nilifikiri watu wa ramani ndio waliokosea. Vijana wa mjini, wamesikia wapita njia wakisema kwa fundi, wakaandika. Nikajisemea sasa mdogo wangu atasimama awarekebishe, na mimi nitakaa nimsikilize akisema. Tangu bibi alipomfuta kamasi sikuwahi kumsikia akitusemea barazani. Nilijifunga kanga vizuri.

Walianza chini. Walipofika Kwa Katekista, msichana wa ramani akasoma kwamba hapo zamani palikuwa na mafundisho ya dini. Watu walicheka, akaangalia huku na huku.

“Mafundisho gani?” mzee mmoja akauliza. “Hapo mwalimu alikuwa nguruwe.”

“Kichwa tu,” mwingine akadakia. “Mwili alibaki nao padri.”

Wakamsimulia, naye akacheka mpaka akavua miwani, akafuta, akaandika upya. Nikampenda. Nikaona mkutano mzuri huu, unasahihisha.

Wakafika kwetu. Akasoma, Kwa Fundi, mkazi wa kwanza na kadhalika, mwenye marekebisho? Mdogo wangu akavua kofia, akasimama. Akakohoa kidogo. “Majina ya upande wetu yako sawa,” akasema. “Yabaki hivyo.” Akakaa.

Ndugu yangu, nilihisi kama yule dereva wa pikipiki amenipitisha kona na mimi nikabaki hewani.

Nikasimama mwenyewe. Sikuwahi kusimama barazani maisha yangu, sauti ilitoka nyembamba. Nikasema pale ni Gonero, nikaeleza chungu, mvua, jiwe. Mwenyekiti, kijana niliyemjua anatambaa, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

“Tumekusikia mama yetu,” akasema. “Lakini nikuulize, kwenu huko kwenye ukoo, anayesema barazani ni nani?”

Nikamtazama mdogo wangu.

“Si ni huyu mdogo wako? Na ameshasema. Sasa mimi nikifuata mwingine, kesho si mtaniambia nimevunja mila?”

Watu waliguna wakikubali. Ndiyo, anasema ndugu wa kiume. Kila mtu pale anajua.

Nikamtafuta kwa macho rafiki yangu wa ng'ambo ya mto. Alikuwa ukutani, amekaa kwenye jamvi, miguu ameinyoosha. Nikamwita kwa jina la utoto. Nikamwambia, wewe waambie, wewe ulikuwa ukiniita kila jioni, uliita nini? Akarekebisha kilemba chake.

“Shoga yangu, siku hizo tulikuwa tunapiga kelele tu,” akasema. “Nilikuwa nakuita wewe. Mambo ya mahali sikumbuki. Mimi ni mtu wa ng'ambo, ya huku nitayajulia wapi?” Na akacheka kidogo ili na wengine wacheke.

Nilipoketi ndipo nikakumbuka kwamba mjukuu wake, mtoto wa binti yake, ameolewa na mtoto mkubwa wa mdogo wangu. Shamba likiwa la fundi, linashuka kwa mwanawe, linashuka kwa mtoto wa mwanawe, na kutoka hapo linaingia kwa vitukuu ambao kwa mama zao ni wa ukoo wa rafiki yangu. Kwa hiyo naye alikuwa amepiga hesabu zake, akiwa amenyoosha miguu.

Msichana wa ramani alinifuata nje. Macho yake yalikuwa mekundu, sikutaka kumtazama. “Bibi, naweza kuandika Gonero kwenye mabano, chini ya jina lile,” akasema. Nikamuuliza mabano ni nini. Akanionyesha, vitu viwili kama kucha zilizokatwa. Nikamwambia aandike tu. Hakuwa na kosa yule, aliuliza pale nilipomtuma.

Mdogo wangu alinisindikiza kwenda kwake nikalale, amebeba mfuko wangu. Tulitembea hadi kwenye daraja la magogo. Hapo akanishika mkono ili nisiteleze. Nikamwacha aushike, nilikuwa naogopa maji.

“Umekasirika dada,” akasema.

“Ulikuwa unalia unataka kulala pale,” nikamwambia. “Nilitaka kukufunika.”

“Wewe ulishuka, dada. Ukaenda kula mkate wa reli. Mimi nimebaki na mvua na nguruwe pori, nimejenga matuta yale kwa mikono hii, na wanangu wamebeba mbolea migongoni tangu wadogo. Nikifa waambiwe nini? Ahsanteni, fungasheni, huyo binti wa mjini anakuja?”

“Ungeniambia. Ningekukatia upande.”

“Ungenikatia,” akasema, akacheka bila furaha. “Umeona sasa? Ungenikatia. Niombe, kama baba alivyokuwa anachuchumaa mlangoni kuomba fito.”

Jibu lake hata leo nikikaa nalitafuta. Ana haki ya kuchoka. Wanawe ni vijana wazuri, wana adabu. Kama angekuja Mafiga akaniambia dada nimelemewa, tungelia wote, tungekata. Lakini alichukua mdomo aliopewa kwa ajili yangu akautumia kusemea upande wa pili, na mimi nimekaa kwenye kiti chake, namsikiliza kwa fahari. Nilimwambia hivyo. Akahamisha mfuko bega jingine, tukaendelea kupanda.

Asubuhi nilikwenda peke yangu. Jiwe lipo, limeota kuvu. Longero hapasimami mtu tena kuita, kila mmoja ana simu mfukoni, na vijito viwili nilivyomtajia mwalimu vimefungiwa mabomba ya kumwagilia stroberi. Mabinti hawalali pale tangu bibi alipokufa. Hayo yote niliyajua, hayakuniuma sana, mambo hubadilika na mimi mwenyewe nilikuwa nalala Ngerengere kwenye kitanda cha chuma. Kilichoniuma ni kwamba nimebaki mwanamke asiye na wa kumsemea, na kwetu hilo humpata yule aliyezika ndugu zake wote. Wangu yuko hai, nilisikia anakohoa nyumbani.

Mtoto wake mkubwa alikuwa shambani, anapalilia. Akaacha jembe, akaja mbio akifuta mikono kwenye suruali.

“Shikamoo shangazi. Karibu, karibu sana shangazi. Pita huku pasipo na tope.”

Akanipangusia jiwe la kukalia, mimi, pale. Alinionyesha njegere, alinionyesha matuta mapya, alinieleza mpaka wa huku na mpaka wa huku kama mtu anavyomwonyesha mgeni. Nilipoinuka akasema subiri shangazi, huwezi kuondoka mikono mitupu, akachuma njegere haraka haraka, akafungia kwenye jani la mgomba, akanikabidhi kwa mikono miwili. Ni malezi mazuri. Ndivyo mgeni anavyofanyiwa kwetu.

Nilifika Mafiga jua bado kali. Binti yangu alikuwa mezani kwake ananyunyizia mchicha maji. Akapokea kifurushi, akafungua, akainusa ile harufu na uso wake wote ukalegea.

“Za Gonero hizi,” akasema. “Umechuma mwenyewe, mama?”

“Hapana,” nikamwambia. “Nimepewa.”